Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mionzi na chakula: mlaji wenu wa wastani ni nani?

Waheshimiwa,

Ninyi mnaoongoza mamlaka za udhibiti wa nyuklia, wizara za kilimo na za afya, na kamati zinazotia sahihi mipango ya dharura, nawasalimu. Nimeamua kuandika hadharani badala ya kupitia masjala, na sababu yenyewe ni sifuri mbili.

Miaka michache iliyopita nilishiriki zoezi la dharura, lile ambalo ajali ya kinu huigizwa ukumbini, kila mtu na kompyuta yake, na saa ya ukutani inakimbizwa makusudi. Kazi yangu ilikuwa kuendesha modeli ya chakula. Wingu la kubuni likapita, mvua ya kubuni ikanyesha, na baada ya dakika chache programu ikatoa jedwali: maziwa, ngano, viazi, nyama ya ng'ombe, mboga za majani, kila kimoja na bekereli zake kwa kilo (bekereli ni kipimo cha wingi wa mionzi), kuanzia wiki ya kwanza hadi mwaka wa kumi. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili, "uyoga wa msituni" na "nyama ya mwituni". Yote miwili ilijaa sifuri, tangu wiki ya kwanza hadi mwaka wa kumi. Nikamwuliza msimamizi kama sifuri hizo zimekokotolewa au hazikujazwa. Akatabasamu. "Hatuna takwimu za huko, ndiyo maana tumeacha sifuri." Jioni ile muhtasari uliopanda kwa wakubwa ulisema mazao ya msituni hayana tatizo. Hakuna aliyedanganya. Nafasi tupu iligeuka namba, namba ikageuka sentensi, sentensi ikapigwa muhuri.

Kwa wasomaji ambao hawashindi na mambo haya, modeli ya aina hii ni mnyororo wa kuzidisha. Unaanza na kiasi cha sesiamu au iodini, vitu vyenye mionzi vinavyotoka kwenye kinu, kilichoangukia kila mita ya mraba. Sehemu yake hunaswa na majani, sehemu huoshwa na mvua, sehemu huzama udongoni na kufyonzwa na mizizi. Ng'ombe anakula nyasi kilo kadhaa kwa siku, kiasi fulani cha alichokula kinaingia kwenye maziwa, na mtu anakunywa maziwa. Kila pingili ya mnyororo ina namba yake, na namba hizo zimefanyiwa kazi kubwa. Sina ugomvi na modeli zenyewe. ECOSYS-87, iliyotengenezwa Neuherberg karibu na Munich, huuliza hata tarehe ya ajali, kwa sababu katika nchi za kaskazini wingu lilelile likipita Januari, mashamba yakiwa matupu na ng'ombe wakiwa zizini, madhara yake kwenye chakula si sawa hata kidogo na likipita Julai. Waingereza wana FARMLAND. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilichapisha mwaka 2010 majedwali manene ya vizidisho hivyo, na yeyote aliyeyafungua ameona kwamba kizidisho cha sesiamu kwa zao moja kinaweza kupishana zaidi ya mara mia kati ya mahali na mahali. Wenye kuyaandika hawakuficha jambo hilo. Linapotea baadaye, njiani kuelekea kwenye meza zenu.

Mwisho wa mnyororo yupo mlaji. Viwango vya Codex Alimentarius, kanuni za kimataifa za chakula, kwa chakula kinachouzwa kati ya nchi na nchi, ambavyo kwa sesiamu-137 ni bekereli 1,000 kwa kilo, vilikokotolewa kwa mtu mzima anayekula kilo 550 za chakula kwa mwaka, huku sehemu moja tu ya kumi ya chakula hicho ikitoka eneo lililochafuliwa. Kwa biashara ya kimataifa dhana hiyo ina maana. Ila namba zina tabia ya kuhama nyumba. Iliyotengenezwa kwa ajili ya bandarini huishia kijijini, kwa mtu anayekula anachovuna mwenyewe, ambaye moja ya kumi yake ni kumi ya kumi.

Mfano ninaourudia kila nipatapo nafasi ni wa kondoo wa Cumbria na Wales Kaskazini. Mvua za mwanzoni mwa Mei 1986 zilishusha sesiamu ya ajali ya kinu cha Chernobyl, Ukraini, kwenye vilima vile. Kwanza serikali ya Uingereza ikasema hakuna cha kuhofia. Tarehe 20 Juni ikapiga marufuku kuhamisha na kuchinja kondoo wa huko kwa wiki tatu. Wiki tatu! Marufuku ya mwisho iliondolewa Juni 2012. Mwanakondoo aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa ameshakufa kwa uzee, na wajukuu wa wajukuu zake walikuwa bado wakipimwa.

Wataalamu wale hawakukosea kuzidisha. Walichokijua kilitoka kwenye udongo wa mabondeni wenye mfinyanzi mwingi. Huko sesiamu ikishapenya kati ya matabaka membamba ya mfinyanzi hubanwa kama kidole mlangoni, na mizizi huipata kwa tabu. Vilima vile vina udongo mweusi wa mboji iliyolowa, wenye tindikali, mfinyanzi haba na potasiamu kidogo. Sesiamu na potasiamu kikemia ni ndugu, na mmea wenye njaa ya potasiamu humpokea yeyote anayefanana naye. Basi kila msimu nyasi ziliichota upya, kondoo wakazila, kinyesi kikairudisha ardhini, nyasi zikaichota tena. Hakuna kitu kilichokuwa cha ajabu hapo. Ilikuwa kemia ya kawaida ya udongo ambao haukuwamo kwenye namba zilizotumika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwamo. Wafugaji walishauriwa wawaweke kondoo kwenye nyasi za bondeni mpaka sesiamu iwapungue mwilini. Ushauri wenyewe kisayansi ni sahihi: kondoo akila malisho safi, sesiamu mwilini mwake hupungua nusu katika muda wa wiki mbili tatu. Lakini nyasi za bondeni ni chache, nazo ni akiba ya shamba zima. Ukiwarundika kondoo wote huko, utazimaliza, na mwaka ujao hakuna kitu. Mfugaji yeyote angelisema hilo kama angeulizwa kabla.

Ninayoiona kichwani kila nikisoma habari za miaka ile ni hali ya mfugaji amembana kondoo kwa magoti, na mkaguzi ameukandamiza mdomo wa kipima mionzi kwenye matako ya mnyama, wote wawili kimya wakisubiri namba itulie. Ikizidi, kondoo hupakwa rangi, na mwenye rangi haendi machinjioni. Shughuli hiyo ilianza na zaidi ya mashamba 9,000 na kondoo wapatao milioni 4. Hata ilipofika 2012 yalikuwa yamesalia mashamba zaidi ya 300.

Mkidhani ni kisa cha Waingereza peke yao, tazameni mkoa wa Rivne nchini Ukraini. Uko kilomita mia mbili na zaidi kutoka Chernobyl, na sesiamu iliyoanguka huko ilikuwa kidogo ukilinganisha na kwingine. Zaidi ya miaka 30 baadaye maziwa ya vijiji vyake vya kwenye udongo wa kinamasi yalikuwa bado yanapita kikomo cha Ukraini cha bekereli 100 kwa lita. Ramani ya kilichoanguka ingekuambia watu hao wamo salama. Ramani ya udongo ingekuambia vingine. Kwa hiyo kila mnapoonyeshwa ramani yenye rangi nyekundu, njano na kijani, ulizeni kwanza hizo ni rangi za nini.

Iodini-131 nitaipita upesi, kwa kuwa yenyewe hupita upesi: kila siku 8 hubaki nusu. Baada ya moto wa kinu cha Windscale, Uingereza, wa Oktoba 1957, maziwa ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi yalimwagwa, na somo la maziwa likawa limeandikwa. Miaka 29 baadaye, ilipotokea Chernobyl, watoto wa Belarus, Ukraini na Urusi waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani kwao, ng'ombe mmoja au wawili wasiojulikana na mfumo wowote wa ukaguzi. Kufikia 2005 zaidi ya visa 6,000 vya saratani ya tezi ya shingo vilikuwa vimeripotiwa kwa waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali, na maziwa hayo yanahusishwa na sehemu kubwa ya visa hivyo. Mlaji wa wastani hununua maziwa dukani. Wale hawakuwa wa wastani.

Sasa turudi msituni, kwenye zile sifuri zangu.

Shamba hulimwa. Jembe au trekta huizika sesiamu chini, mbolea ya potasiamu huizuia isipande, na mavuno huondoka. Mwaka hadi mwaka chakula cha shambani husafika haraka kuliko sesiamu-137 yenyewe inavyooza, ambayo hubaki nusu kila miaka 30. Msitu haulimwi na mtu. Sesiamu inayoanguka na majani hukaa kwenye tabaka la juu la majani yaliyooza, nyuzi za kuvu huikamata na kuizungusha, mti huinyonya na kuiangusha tena majira ya majani kupukutika. Haina pa kwenda. Ndiyo maana katika maeneo yaliyopata madhara ya Chernobyl, kadiri miaka ilivyokwenda na mashamba yakapoa, uyoga na matunda ya msituni vilizidi kuwa sehemu kubwa ya sesiamu iliyoingia miilini mwa watu wa vijijini. Tatizo linahama kutoka kwenye jedwali mnalolipima kwenda kwenye jedwali mliloliacha tupu.

Kama mnataka kuona modeli ikiaibishwa, mfuateni nguruwe mwitu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Swala na kulungu wa misitu ileile sesiamu yao ilipungua, naye nguruwe akabaki palepale, miaka thelathini na kitu, nyama yake mara nyingi ikiwa juu ya kikomo cha bekereli 600. Watafiti waliizungumzia kama kitendawili. Jibu lake liko puani mwa nguruwe: majira ya baridi, chakula cha juu kikiisha, hufukua uyoga unaoota chini ya ardhi, na uyoga huo huishi katika kina ambacho sesiamu hukifikia taratibu sana, kwa hiyo huendelea kupokea wakati tabaka la juu linapungukiwa. Ukimpima nguruwe wa kiangazi na wa baridi utadhani ni wanyama wa nchi mbili. Modeli yenye kisanduku kimoja kilichoandikwa "msitu" haiwezi kumwona.

Na si hilo tu. Mwaka 2023 watafiti waliolinganisha sesiamu-135 na sesiamu-137, aina mbili ambazo uwiano wake ya bomu si sawa na ya kinu, kwenye nyama ya nguruwe hao walionyesha kwamba sehemu isiyo ndogo haikutoka Chernobyl kabisa, bali kwenye majaribio ya mabomu ya katikati ya karne iliyopita. Maana yake ni kwamba modeli inayoanza kuhesabu siku ya ajali kana kwamba ardhi ilikuwa safi jana yake, ina sifuri nyingine iliyojificha mwanzoni.

Norway nao wana kisa chao, na hiki kinagusa watu moja kwa moja. Kulungu wa Aktiki hula laikeni, kitu kisicho na mizizi kinachojilisha kwa hewa na mvua, na kwa hiyo hunywa kila kinachoanguka. Hili lilijulikana tangu miaka ya 1960, wakati watafiti wa nchi za Nordiki walipoifuata sesiamu ya mabomu kutoka laikeni hadi kwa kulungu hadi kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaowafuga. Ikaja 1986, na ikawa kama halikujulikana. Nyama ikapita kikomo cha bekereli 600 kwa mbali, ufugaji ukawa unaelekea kufa, na Novemba mwaka huo serikali ikapandisha kikomo cha nyama ya kulungu hadi bekereli 6,000. Hoja ilikuwa kwamba Mnorway wa kawaida huila nyama hiyo mara chache sana. Ni kweli. Msami mfugaji yeye huila karibu kila siku, na kwake ukatolewa ushauri wa kupunguza.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Pengine ndio uliookoa maisha ya watu kama jamii, na hatua zilizofuata zilikuwa za akili: kuwapima kulungu wakiwa hai, kuwalisha malisho safi kabla ya kuchinja, kuwapa bluu ya Prusia inayoishika sesiamu tumboni na kutoka nayo. Kikomo chenyewe kilishushwa hadi 3,000 mwaka 1994. Ninachosema ni kwamba namba moja ilichaguliwa kwa kumtazama mlaji mmoja, na mzigo wa tofauti ukabebwa na mwingine ambaye hakuwa kwenye hesabu.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, siku hizi tunajua. Japani ya 2011, ilipopatwa na ajali ya kinu cha Fukushima, ilijua. Ilikuwa na maabara, wataalamu, na kumbukumbu zote za Chernobyl. Julai mwaka huo nyama ya ng'ombe ikakutwa juu ya kikomo cha muda cha bekereli 500, ng'ombe ambao hawakugusa nyasi za nje. Walikuwa wamelishwa mabua ya mpunga yaliyoachwa wazi mashambani tangu mavuno ya vuli iliyotangulia, yakasubiri pale hadi Machi, yakapokea wingu, kisha yakafungwa na kuuzwa, mengine mbali na Fukushima. Kwenye modeli ng'ombe wa majira ya baridi hula chakula cha ghalani, na cha ghalani ni safi. Kilichokosekana kwenye mnyororo ni tabia ya mkulima kuacha mabua nje, jambo ambalo kila mkulima wa pale alilijua.

Oktoba mpunga wa Fukushima ukatangazwa salama baada ya vipimo vya awali. Novemba ukapatikana mpunga wa bekereli 630 kwa kilo katika kijishamba kati ya vilima, udongo wake ukiwa na upungufu wa potasiamu. Mnaona ndugu wawili wale, sesiamu na potasiamu, wamerudi. Baada ya hapo mbolea ya potasiamu ilimwagwa kwa wingi na mpunga ukatulia, hata kikomo kiliposhushwa hadi bekereli 100 kuanzia Aprili 2012. Hapo naipa Japani haki yake, kwani ni wachache waliojifunza upesi hivyo. Lakini asilimia 70 hivi ya mkoa wa Fukushima ni msitu, na huko machipukizi ya mti uitwao koshiabura, yanayochumwa na wanavijiji kila majira ya kuchipua, yaliendelea kupita kikomo miaka mingi baada ya mashamba kusafika.

Sasa ombi langu, na si kubwa. Safu isiyo na takwimu iandikwe "haijulikani", kwa herufi, na programu ikatae kuijumlisha. Kazi ya mchana mmoja kwa mwandishi wa programu. Kila namba inayowafikia ije na upana wake na aina ya udongo uliotumika, na ikija peke yake irudisheni. Mkipewa kipimo cha mlaji, ulizeni anaishi wapi na anakula nini, na kama yupo mwingine anayekula mara ishirini zaidi yake. Na kabla hamjanunua programu mpya, wapeni watu wawili ileile ya zamani na maelezo yaleyale, kila mmoja chumbani kwake, mlinganishe majibu. Jambo hili lilijaribiwa katika miradi ya kimataifa ya kupima modeli baada ya Chernobyl, na ikaonekana kwamba jinsi mtumiaji anavyoelewa swali inaweza kubadili jibu sana hata modeli ikiwa moja.

Lililo gumu zaidi ni kwenda kuuliza. Nani anachuma nini msituni, na mwezi gani? Mifugo inatoka zizini lini hasa, si lini kwa mujibu wa kitabu? Mabua yanalala wapi? Udongo upi una njaa ya potasiamu? Haya hayapatikani siku ya ajali, siku hiyo kila mtu yuko kwenye simu. Hukusanywa wakati wa shwari, kwa miguu, na watu wanaolipwa kusikiliza, na huandikwa kwenye faili zilezile zinazolishwa modeli.

Najua pingamizi mtakalolitoa, kwa kuwa nimelisikia vikaoni: mkitangaza upana na yasiyojulikana, watu wataingiwa na hofu. Mimi nadhani wafugaji wa Cumbria wangevumilia vizuri zaidi kuambiwa "kati ya wiki tatu na miaka mingi, kutegemea udongo wenu, tupeni miezi sita tuupime." Walichoambiwa ni wiki tatu, kisha tena kidogo, kisha tena kidogo, kwa miaka 26, na baada ya mwaka wa kwanza tu wengi walikuwa wameacha kuamini hata yaliyokuwa kweli.

Zoezi lijalo, naomba viti viwili viongezwe ukumbini: kimoja cha mfugaji anayelisha kwenye udongo wa kinamasi, kingine cha mtu anayechuma msituni. Wasiwekwe nyuma na wasiletwe kwa ajili ya picha. Wakae karibu na anayeendesha modeli, waone namba zikiingizwa moja moja, na wawe na ruhusa ya kusema "hapana, sivyo" kabla jedwali halijachapwa. Mimi nitakuwa hapo hapo kwenye kompyuta, na jedwali la msitu nitawaletea kwanza wao.

Wenu katika kazi,
Mwendesha modeli